Arielle Ananenepa

5 Januari 2025

Mvua imepiga tangu tulipotoka misa. Nimeshinda barazani na mashine yangu ya kushona, maji yakimwagika kutoka kwenye mabati mpaka yanafunika sauti ya redio ya jirani. Kazi ya leo ni gauni la Noeli la mdogo wangu Arielle. Nililishona mwenyewe mwezi uliopita na lilimkaa vizuri. Leo zipu imefika kiunoni ikagoma.

"Usikaze, yaya, utapasua," Arielle akaniambia mimi dada yake, lakini alikuwa anacheka, na Mama naye anacheka. Sijawahi kuona nguo iliyokataa kufunga ikifurahiwa namna hiyo.

"Mutoto iko nakomaa," Mama akasema. "Njo ukubwa huo."

Arielle ana miaka kumi na nane, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mimi nimemzidi miaka mitano. Tunaishi wanawake watatu hapa Alunguli, mtaa wa Kindu ambao mto unautenga na mjini, kwa sababu Baba yuko Kalima anachimba mawe ya madini na anarudi anapopata. Nimeongeza kipande cha kitambaa ubavuni. Rangi haikulingana sana, lakini Arielle hakuijali. Alikuwa anajitazama mgongoni kupitia telefoni.

8 Januari

Mvua. Sare mbili za shule.

12 Januari

Arielle amenipiga foto nikiwa kwenye mashine. Akaichezea kwa vidole viwili, halafu akanigeuzia telefoni. Nikaona mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, nyonga pana, ngozi imetakata kuliko yangu, pua imekatwa pande zote mbili.

"Njo wewe huyo, yaya."

Nilimtazama yule mwanamke muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha nikaona mlango wetu nyuma yake. Mwimo wa mlango ulikuwa umepinda kama upinde pale ulipokutana na kiuno.

"Umeharibu mlango," nikamwambia.

"Nani anaangalia mlango?"

Telefoni hiyo Baba aliituma toka Kalima mwezi wa tisa, asome masomo ya Mtihani wa Serikali. Masomo yamo, nimeyaona. Lakini juu yake amekaa mwanamke mmoja anayejiita Madame Forme, yaani Bibi Umbo. Hatujui anakaa wapi. Nyuma yake kuna pazia tu na taa ya duara. Anaweka foto mbili: msichana mwembamba, halafu msichana yuleyule, au anayefanana naye, nyonga zimejaa na mashavu yanang'aa. Haongei sana. Anasema, "Dada, unangoja nini?" Arielle na wenzake wanasalimiana hivyo njiani. Dada, unangoja nini. Halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Mimi pia nimecheka. Inachekesha.

18 Januari

Leo najua.

Nilikwenda kuchukua telefoni ya Arielle kwa Mama Kavugho, kwa sababu yeye ana mabamba ya jua na mtaa mzima tunachaji kwake. Mama Kavugho ni Mnande wa Butembo, ana miaka mingi Kindu. Duka lake lina chumvi, sabuni, mafuta ya ngozi, betri, na upande mmoja rafu ya dawa. Alinipa telefoni, halafu bila kufikiri akanipa na kifuko cha plastiki. "Na hii ya mudogo yako. Umwambie asizidishe."

Ndani mlikuwa na vidonge vya aina mbili, vingine vyeupe vidogo sana, vingine vikubwa kidogo. Havikuwa na jina wala karatasi.

"Ni vya nini, Mama?"

Akaniangalia kama mtu anayetaka kurudisha neno mdomoni. "Vya hamu ya kula. Wasichana wote wanachukua. Hauone namna wanapendeza?"

"Arielle anachukua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi. Francine, mutoto yangu, mimi si dokta. Binti yangu Claire ananitumia toka Goma na ndege, mimi nauza. Nikikataa, watavuka mto wanunue ng'ambo kule."

Nilitoka bila kumuaga. Njiani nilikuwa nasema peke yangu kama kichaa. Yule mama anakuja kanisani, anakaa mbele, anatoa sadaka na mkono uleule.

Arielle hakubisha. Alichukua kifuko mkononi mwangu kwa utulivu, akakitia kwenye begi ya shule. "Ni vitamini."

"Vitamini zina jina."

"Yaya, wewe ulinenepa lini? Hujawahi. Wanakupita njiani kama wanapita mti. Mimi nilikuwa hivyo. Sasa nikiingia darasani mpaka mwalimu anasahau alikuwa anasema nini. Unataka nirudi kule?"

Nina mashine na makasi, na kila siku ninashonea watu nguo za kuonekana. Ningemwambia nini, kwamba kuonekana si kitu?

19 Januari

Nimemwambia Mama. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Hakusimamisha mchi.

"Dawa ya kula," akasema. "Ubaya yake njo nini? Anakula. Ulikuwa unataka asikule?"

26 Januari

Redio inasema vita imefika kwenye malango ya Goma. Watu wamesimama kwenye madirisha ya jirani mwenye redio kubwa, mvuani, bila miavuli.

28 Januari

Goma imeanguka. Duka la Mama Kavugho limefungwa. Nilipita, nikamwona kupitia ufa wa mlango, amekaa juu ya gunia na telefoni sikioni. Anapiga, anasikiliza, anakata, anapiga. Bado nilikuwa na hasira naye. Sikubisha hodi.

2 Februari

Arielle amechaguliwa kuwapokea wageni kanisani, wale wanaosimama mlangoni na kuwaonyesha watu viti. Siku zote wanachagua wasichana wenye sura nzuri. Mama alivaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, kama vile anaozesha. Baada ya misa wamama walimzunguka: "Mama Arielle, unamulisha nini huyu? Wakati wa vita hivi, wewe unatoa mutoto kama huyu!" Na Mama alikuwa anaitika, anaitika, anashika mkono wa Arielle juu ya kiwiko, pale penye nyama, kama mtu anayeonyesha kitambaa kizuri.

Sikuwahi kumwona Mama na furaha hiyo. Nani atamnyang'anya?

9 Februari

Nimempima Arielle kwa ajili ya sketi ya shule. Imebidi avue. Juu ya tumbo na mapajani kuna michirizi mipana, rangi ya zambarau, kama amekwaruzwa na mnyama. Akajifunika haraka.

"Inaumia?"

"Apana. Ni ngozi inapanuka. Madame Forme alisema itapita."

Mashavu yake yamekuwa ya mviringo kama ya mtoto anayenyonya, lakini mikono na miguu haikunenepa hivyo. Ndevu nyembamba zimeota kando ya sikio. Na kitu kingine. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, nikamwambia asimame, akaweka mikono miwili juu ya magoti ndipo akainuka. Kama bibi.

Nilimwambia, "Arielle, wewe ni mgonjwa."

Akachukua telefoni, akanionyesha foto yake ya Jumapili mlangoni mwa kanisa. Watu wengi sana walikuwa wameipenda, hata watu wa Kinshasa, hata mtu mmoja wa Ubelgiji. "Hawa wote ni vipofu?"

16 Februari

Bukavu nayo imeanguka. Bei ya chumvi, ya sabuni, ya kila kitu imepanda. Wanajeshi wameanza kuingia mjini kwa miguu kutoka huko, wengine bila viatu. Mama ameficha unga chini ya kitanda.

22 Februari

Mama Kavugho amefungua duka. Rafu zimebaki na vumbi na makopo machache. Arielle alitumwa chumvi akarudi bila chumvi, amekunja uso. Vidonge vimekwisha. Ndege za Goma hazipo tena, na Claire hapatikani.

Nilifurahi. Niandike ukweli: nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na mihogo yetu, nikamshukuru Mungu. Nilimwambia, kama vita hii inatuondolea vidonge vile, basi kuna jema moja ndani yake.

25 Februari

Mvua kubwa. Uzio wa jirani umelala.

1 Machi

Arielle amelala mchana wote. Anasema shule inamchosha.

4 Machi

Hakwenda shule. Hataki kula, yeye aliyekuwa anakomba sufuria. Mama anasema ni malaria, na kweli mwili una joto. Tulikwenda kwenye zahanati ya mtaani, wakampa dawa ya malaria.

Bado ninajiambia ni mwili unarudi njia yake. Kitu kibaya kinatoka.

8 Machi

Ametapika. Ametapika tena.

10 Machi

Anaomba chumvi. Anailamba kutoka kiganjani. Akikaa kitandani anasema nyumba inazunguka. Nimemuuliza kama kuna vidonge amebakiza. Amesema hapana, na alivyosema nikaona alikuwa anatamani ningeuliza nikiwa navyo mkononi.

15 Machi

Ninaandika leo mambo ya juzi, kwa sababu juzi na jana sikuwa na mikono ya kuandika.

Alhamisi asubuhi nilisikia kitu kimeanguka huko nyuma. Arielle alikuwa chini mlangoni mwa choo, uso kwenye matope, mvua inampiga. Nilipomgeuza, macho yalikuwa wazi lakini hayakunijua. Midomo imekauka, ngozi ni baridi kama ya samaki. Mama alipiga yowe, majirani wakaja, wakatukopesha kiti cha plastiki. Wanaume wawili walimbeba kwenye kiti hicho mpaka bandarini.

Hospitali kubwa iko ng'ambo. Mto ulikuwa umejaa, umebeba magogo na majani, na mwenye mtumbwi wa injini alikataa kuondoka mpaka mvua ipungue. Tulimwomba. Mama alipiga magoti kwenye tope mbele ya yule kijana. Akasema, "Mama, simama, simama," akawasha injini. Katikati ya mto gogo liligonga ubavu wa mtumbwi, tukayumba, na Arielle akafungua macho akaniita kwa jina, si yaya, jina tu: "Francine." Halafu akafunga tena. Nilikuwa nimemkumbatia mzima, na yeye ni mzito, mzito wa kupendeza kama wanavyosema, na nilikuwa nawaza: tukipinduka hatutamwinua.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda kando ya dirisha. Nesi aliyekuwa zamu anaitwa Anaclet, mtu wa makamo, sauti ya pole. Akampima presha, akatikisa kile kifaa, akapima tena.

"Anakunywa dawa gani?"

"Ya malaria tu," Mama akajibu.

"Mbele ya malaria?"

"Hakuna kitu. Mutoto yangu ni muzima, unaona mwili yake mwenyewe."

Anaclet alifunua tumbo, akaona michirizi. Akageuka akaniangalia mimi. Mama pia akaniangalia, na macho yake yalikuwa yananikataza kabisa. Palikuwa na watu wa vitanda vingine, wote wamenyamaza wasikie.

Nilisema. Vidonge vyeupe vidogo, na vingine vikubwa, tangu mwezi wa kumi, vimekwisha wiki tatu sasa. Mama alinipiga kofi begani. "Unamuaibisha mudogo yako mbele ya watu!"

"Mama, muache," Anaclet akasema. Akatuambia polepole, kama anayeeleza njia kwa mgeni. Kile kidonge kidogo ni dawa ya nguvu sana. Mwili una ya kwake unayoitengeneza kila siku, na hiyo ndiyo inayotusimamisha. Ukiletewa ya nje muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza. Halafu ukikata ghafla, na malaria ikaingia juu yake, unabaki bila ya nje na bila ya ndani. "Huyu si wa kwanza kwetu," akasema. "Tangu Goma ifungwe, wanakuja."

Niliuliza atapona kwa dawa gani. Nilijua jibu kabla hajalitoa.

"Ileile," akasema. "Ya sindano. Ileile au ndugu yake. Serumu ya kutundika tunayo. Lakini hiyo, duka la dawa letu ni tupu. Zunguka mjini, utafute."

Nilizunguka. Kila duka la dawa, mvuani, mtu anatikisa kichwa kabla sijamaliza. Wengine walicheka kidogo: siku hizi kila mtu anaitaka hiyo. Mwisho nilijikuta bandarini, nikavuka kurudi Alunguli, nikaenda kwa Mama Kavugho.

Alikuwa amekaa palepale juu ya gunia. Amekonda. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu mwezi wa kwanza, maneno makali sana, na yote yakapotea. Nikamwambia tu: "Arielle anakufa."

Aliniuliza ni nini walichosema hospitali. Nilipomwambia, alifunika uso na mikono miwili. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mkoba wake wa kanisani. Ndani ya kitambaa mlikuwa na ampuli chache za sindano.

"Hizi ni za pumu yangu. Niliziweka, ni za mwisho."

"Na wewe je, Mama?"

"Usiniulize. Na usinishukuru, Francine. Kimbia."

Nilipotoka nilimsikia anakohoa. Nikarudi mlangoni nikamuuliza, "Claire je?" Sijui kwa nini niliuliza wakati ule. Akatikisa kichwa. "Namba yake inaita. Inaita vizuri. Hakuna anayeshika."

Anaclet aliingiza sindano ya kwanza mchana. Tulitolewa nje, tukakaa ukumbini kwenye benchi, mimi na Mama. Nguo zetu zilikuwa zinatoa maji kwenye sakafu. Halafu Mama akaanza kusema, akiangalia ukuta.

Alisema mimi nilikuwa mchanga, nanyonya, wakati mji huu ulipozingirwa katika vita ile nyingine. Hakuna aliyeweza kwenda shambani, waliokwenda hawakurudi. Treni haikuja. Watu walikula majani ambayo mbuzi hali. Ninajua hayo, kila mtu Kindu anayajua. Lakini hakuwahi kuniambia habari za Gisèle, zaidi ya jina. Gisèle ni dada yangu mkubwa, aliyekufa.

"Alikuwa na miaka minne," Mama akasema. "Maziwa ilikuwa kidogo, nikakupa wewe juu ulikuwa mudogo. Yeye alikuwa anatuangalia. Alikuwa halii. Shingo ilikuwa kama hivi." Akanionyesha kidole chake. "Nilimuosha mwenyewe. Mifupa yote niliigusa. Niliapa, Francine. Nilisema Mungu akinipa mwingine, hakuna muntu atahesabu mifupa ya mutoto yangu."

Nilimshika mkono.

"Mimi nilikuwa naona amenenepa," akasema. "Nilikuwa naona ameshiba."

Miezi yote hii nilikuwa namwona Mama mjinga. Nilikuwa nafikiri anatazama foto ileile anayoitazama Arielle. Kumbe alikuwa anatazama mtoto mwingine kabisa.

17 Machi

Arielle ameinuka, amekaa kitandani. Ameuliza saa. Ameomba wali.

20 Machi

Anaongea. Alipomaliza kula leo, kitu cha kwanza alichotaka ni telefoni. Nilimwambia imebaki nyumbani, na ni kweli.

23 Machi

Tumerudi Alunguli. Mto umepungua kidogo. Anaclet alitusindikiza mpaka getini. Ametupa vidonge vilivyopatikana kwa shirika moja la kigeni, vilevile vyeupe vidogo. Itabidi aendelee kuvinywa, akipunguza kidogo kidogo, miezi mingi, mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Niliuliza, na vikikosekana kabla ya hapo? Akanyanyua mabega, si kwa kunidharau. Alikuwa amechoka. "Tuombe njia ifunguke," akasema.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayempa. Kila asubuhi ninakata kidonge kwa wembe, naweka kwenye ulimi wake, nangoja ameze. Nilivyovichukia vile.

30 Machi

Mvua.

6 Aprili

Mwili unashuka. Mashavu yamelegea. Nyonga zimekwenda, ngozi imebaki na ile michirizi. Anatembea amejifunga kikwembe mpaka kifuani, hata kwenye joto. Kanisani wamechagua msichana mwingine wa mlangoni. Mama mmoja alisema kwa huruma ya kweli, "Arielle, umechakaa, maskini. Kula, mwanangu." Alilia njia nzima.

Nilimwambia Mama Kavugho aje kumsalimia. Alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Anapumua kwa sauti. Bado anapiga simu Goma.

13 Aprili

Leo nimeona kitu kwenye telefoni. Arielle anatuma foto za mwezi wa kwanza na wa pili, moja moja, kama zimepigwa leo. Ile ya gauni la Noeli. Ile ya kanisani. Chini yake watu wanaandika: kila siku unazidi. Unatumia nini? Mwanaume wa Ubelgiji amemwandikia kwamba anafikiria kuja Kindu vita ikiisha.

Alikuwa amelala kitandani, mifupa ya mabega iko nje, anasoma maneno hayo na kutabasamu. Nilinyoosha mkono niichukue telefoni. Nikaushusha mkono. Nikimnyang'anya, atabaki na nini siku nzima? Kioo?

Nilimuuliza tu, "Huyu wanayemsifu ni nani?"

"Mimi," akasema. Hakuniangalia.

20 Aprili

Pasaka. Baba amekuja kutoka Kalima. Alipomwona Arielle alisimama na mzigo mgongoni. Halafu akamuuliza kama telefoni inafanya kazi vizuri.

26 Aprili

Wenzake wa darasa wamekuja kumwona, kundi zima, na ndizi na karanga. Walikaa, wakaimba wimbo mmoja, wakasali, wakaondoka. Mmoja alibaki, Christelle, anayekaa naye dawati moja. Ni msichana mrefu, mwembamba, mzuri. Nimemshonea sare na hakuna kitambaa kinachomkataa. Mimi nilikuwa barazani na mashine, wao kwenye mkeka karibu na mlango.

Arielle hakumficha kitu. Sijui alipata wapi nguvu. Alimweleza kutapika, kuanguka kwenye tope, mtumbwi, sindano. Alisema alipofungua macho hakumjua mtu, hata yeye mwenyewe hakujijua. Alisema anakunywa vilevile mpaka leo ili asife, na asubuhi ya kutovipata haijulikani ni ipi. Akafungua kikwembe, akamwonyesha tumbo. Christelle akaweka mkono mdomoni, na machozi yakamtoka kweli, hakuwa anaigiza. Nilisimamisha mashine. Nilijiambia, huyu mmoja amesikia. Kama wasichana wote wangemwona Arielle alivyokaa pale, wote wangesikia.

Christelle akajifuta macho. Akatazama ndani kama Mama yupo, akashusha sauti.

"Pole sana, mwenzangu. Lakini mbele ya kugonjwa, ilichukua muda gani mpaka forme itoke?"

Nilimwangalia mdogo wangu. Nilikuwa namwomba kwa macho, kama Mama alivyoniomba mimi mbele ya Anaclet.

Arielle akajifunga kikwembe vizuri, akanyoosha mgongo.

"Wiki tatu tu," akasema. "Kila muntu aliona."

Na uso wake ulichangamka. Ulikuwa mzuri. Sijauona uso huo tangu hospitali.

"Christelle," nikasema, "mama yako anakungoja."

Akainuka mara moja, ni mtoto wa adabu. Akamkumbatia Arielle, akavaa kandambili zake, akapita mbele ya mashine yangu akiinamisha kichwa. "Asante, yaya," akaniambia, akaondoka.